Jinsi ya Kuchimba Shimo la Choo Litakalokumbukwa na Kijiji Kizima

Kanuni ya kwanza ya shimo la choo ni kulifikiria mwisho. Anza na geti. Geti likishasimama, chagua rangi ya bati la msauzi, gombana na fundi wa jipsamu kuhusu maua ya darini, kisha agiza choo cha kukaa chenye vitufe viwili, kimoja cha haja ndogo na kingine cha kubwa. Hivi vyote vinaonekana, na watu watakaokuja kula pilau siku ya kuhamia watavisifu. Hakuna mgeni aliyewahi kusimama uani akasema, "Hongera shemeji, shimo lako limekaa vizuri." Kwa hiyo litengee kilichobaki: saruji iliyoanza kuganda mfukoni, matofali yaliyovunjika pembe, na fundi ambaye kazi yake iliisha zamani ila hajamaliziwa hela yake, hivyo bado yupo yupo.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyejipatia nusu eka Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo au kijijini kwenu, mahali ambapo bomba la majitaka la mamlaka halijafika na halina mpango wa kufika. Huko kila kinachotoka ndani ya nyumba yako hubaki ndani ya kiwanja chako. Au cha jirani, ukifuata maelekezo vizuri.

Wazee wetu walikuwa na kazi nyepesi. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipokuwa ikirushwa redioni, watu vijijini walikaa vikundi vikundi wakasikiliza, wakajadiliana, halafu wakashika majembe wakachimba vyoo. Magogo juu ya shimo, udongo juu ya magogo, ukuta wa makuti au matofali mabichi, basi. Choo kile kilipokea haja za watu na kopo la maji ya kutawaza, na ardhi ilikuwa na nafasi ya kumeza taratibu. Wewe shimo lako unalishushia choo cha kuvuta kinachomwaga lita 6 hadi 9 kila kidole kinapogusa kitufe cha haja kubwa, bafu la kusimama, mashine ya kufulia na sinki la jikoni. Chukua watu sita, kila mmoja lita 100 kwa siku, wala si wafujaji. Hizo ni lita 600, ndoo 30 za lita 20, kila siku ya Mungu, Idi na Krismasi zikiwemo. Kinyesi chenyewe ndani ya mzigo huo ni kidogo mno. Unadhani unajenga mahali pa kuficha uchafu, kumbe unatafuta mahali pa kupeleka maji, na atakayeyanywa mwisho wa yote ni udongo. Fundi mahiri wa kuharibu kazi atahakikisha hili halikupiti akilini. Yeye atakuuliza unataka shimo la futi ngapi, nawe utajibu kwa kuangalia pochi. Habari za udongo zisitajwe.

Sasa mahali. Kiwanja kanunue mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa kavu na dalali akiwa na haraka. Utachimba futi kumi bila kuona tone, na dalali atapiga kifua. Aprili usifike. Aprili masika yakikolea, maji ya chini ya ardhi hupanda, na maeneo ya bondeni shimo la futi kumi hugeuka kisima lenyewe kabla hujaliingizia chochote. Watu wanaoijua kazi hii hutaka kati ya sakafu ya shimo la kunyonya na maji ya ardhini pawe na mita moja na nusu hivi ya udongo usiolowa, na kiwango cha maji wanachokipimia ni cha masika. Kukijua ni bure: nenda kwa jirani mwezi wa tano, chungulia kisima chake, uliza kamba yake ya ndoo inafupika kiasi gani mvua zikinyesha. Tatizo ni kwamba ukimuuliza habari za kisima chake naye atakuuliza habari za shimo lako. Bora msalimiane tu.

Umbali wa kisima na shimo ambao mabwana afya huutaja mara nyingi ni mita 30. Pima kwa hatua za mtoto wa chekechea. Pima kutoka kisima chako peke yake, maana cha jirani ana mwenyewe. Ardhi ikiteremka, shimo likae juu na kisima chini, maji yasihangaike. Ukiwa kwenye mwamba wa matumbawe, kama ilivyo sehemu nyingi za ukanda wa pwani na visiwani, hizo mita 30 hazikutoshi hata ukizipima kwa haki, kwa sababu mwamba hauchuji. Maji yanaingia kwenye nyufa yakatokea yanakotaka. Na kama kiwanja kinagusa mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka ukae mita 60 kutoka ukingoni. Wewe umenunua kwa ajili ya mandhari, kwa hiyo hilo tuliruke. Turuke na kibali cha ujenzi cha halmashauri, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na afisa afya wa kata, ambaye angekuja mwenyewe kukushauri kama ungempigia simu.

Kuna kipimo kimoja cha udongo ambacho nakusihi usikifanye. Hakina gharama, hakihitaji mtaalamu, hivyo hakina heshima. Mtu huchimba kishimo cha upana wa futi moja, kina chake ni pale ambapo maji ya choo yatakuja kunyonywa. Huparura kuta zake kwa ncha ya panga, maana sepetu hulainisha udongo ukaziba. Hutupia kokoto kidogo chini, hujaza maji, huyaacha usiku kucha ili udongo ushibe kama utakavyoshiba ukianza kutumika. Asubuhi hujaza tena kimo cha shubiri, huchomeka kijiti chenye alama, huangalia saa. Mchanga mtupu wa Pwani utakunywa yote chai haijachemka. Tifutifu itajivuta. Mfinyanzi, hasa ule mweusi wa mbugani unaopasuka nyufa kiangazi na kung'ang'ania kandambili masika, hautajishughulisha. Utarudi mchana ukute maji yako yapo pale pale na nyuki wamekuja kunywa.

Kipimo husomwa hivi: maji yakichukua zaidi ya saa nzima kushuka inchi moja, shimo la kawaida la kunyonya halikufai, na inabidi ufikirie mitaro mirefu ya kina kifupi, au tuta la mchanga lililoinuliwa juu ya ardhi, au kuuza kiwanja. Yakishuka inchi moja kwa dakika moja hivi, usishangilie. Yanafika chini kabla udongo haujapata muda wa kuyasafisha, na hapo mita 30 za kisima zinahitaji kuongezwa. Katikati ya hayo mawili ndipo unapopanga ukubwa wa shimo. Unaona kwa nini kipimo hakipendwi. Jibu likishajulikana, bei ya kazi hubadilika, na fundi aliyekwishakubaliana nawe kwa mdomo hatapenda kuambiwa na kijiti.

Hesabu ya karo, yaani lile tanki lililojengewa ambamo uchafu unatakiwa utue kabla maji hayajaenda kwenye shimo la kunyonya, ni rahisi kuliko ya harusi. Kwa watu wale sita unataka karo liyashike maji ya siku moja bila kuyasukuma, lita 600. Tope hukusanyika kwa makadirio ya lita 40 kwa mtu kwa mwaka, kwa hiyo miaka mitatu ni lita 720. Weka nafasi ya utando wa mafuta unaoelea juu, weka nafasi ya hewa, ongeza kwa ajili ya amani ya moyo, utafika kwenye lita 3,000 hivi: urefu mita 2.5, upana mita 1, kina mita 1.2.

Uzuri wa hesabu hiyo ni kwamba inawahesabu wakaazi tu na kukusahau wewe kuwa ni mtu wa watu. Siku bibi atakapotutoka, msiba utawekwa kwako, kwa sababu gani? Kwa sababu kwako kuna choo cha kukaa. Watu 60 kwa siku tatu, na kila shangazi aliyetoka mbali anataka kukijaribu kitufe. Tope lililokuwa limelala chini huvurugwa na wimbi hilo, likabebwa mpaka shimo la kunyonya, na huko likaziba vinyweleo vya udongo. Kwenye arobaini utaona matokeo, maana wote watarudi. Wapo wanaojenga choo cha shimo cha nje, kikavu, safi, chenye sakafu ya zege na mfuniko wa tundu, kwa ajili ya shughuli za namna hiyo. Hao ni watu wasiojua kujionyesha.

Tumefika kwenye ujenzi, ambapo kazi yako ni kukaa kivulini na kumsikiliza fundi.

"Fundi, hili si nasikia linatakiwa liwe na vyumba viwili?"

"Hiyo ni ya kwenye ramani, bosi. Mimi nimechimba Kibaha, nimechimba Chalinze, hakuna hata moja lililonirudisha."

"Na chini hupigi jamvi?"

"Nikipiga jamvi litanyonyaje? Liache linywe. Hili halijai leo wala kesho, bosi, watalikuta wajukuu."

Msemo huo una nasaba ndefu. Miaka ya 1860, katika mji wa Vesoul nchini Ufaransa, Jean-Louis Mouras alijijengea tanki la kupokea uchafu wa nyumba yake. Miaka mingi baadaye lilipofunuliwa, alitegemea kulikuta limejaa mzigo, akakuta karibu lote ni maji. Mwaka 1881 akalichukulia hataza. Kule Exeter, Uingereza, Donald Cameron akajenga la kuhudumia sehemu ya mji mnamo 1895, na tangu hapo dunia nzima inachimba. Alichokiona Mouras kilikuwa kweli: vijidudu visivyotaka hewa humeng'enya sehemu ya uchafu ikawa gesi na maji. Lakini sehemu nyingine hubaki tope. Na maji yote yaliyoingia ni lazima yatoke, lita kwa lita. Nusu ya kwanza ya habari hii ilisafiri vizuri sana mpaka Chalinze. Nusu ya pili iliishia njiani.

Kwa faida ya wasiotaka umaarufu, karo linalofanya kazi lina sakafu ya zege na kuta zilizopigwa plasta na niru mpaka zisivuje. Chumba cha kwanza huchukua theluthi mbili ya urefu, cha pili theluthi moja, na ukuta wa kati una matundu usawa wa katikati ya maji, ambako hakuna tope wala utando. Bomba la kutokea hukaa chini kidogo ya bomba la kuingilia, sentimita 5 hadi 7 na nusu hivi. Mdomoni mwa kila bomba kuna kitii, kile kiungo cha bomba chenye umbo la T. Kitii cha kuingilia huzuia maji yasiruke na kuvuruga. Cha kutokea huzamisha mkono wake chini ya utando ili kichukue maji ya katikati tu, yale yaliyotulia. Kitii cha plastiki cha inchi nne ni cha bei ndogo kuliko kitasa cha geti lako. Ndicho kifaa cha kwanza cha kuachwa. Kikikosekana, utando wa mafuta hutoka moja kwa moja kwenda kwenye shimo la kunyonya, na huwezi kulijua hilo mpaka udongo ukatae, wakati ambapo fundi atakuwa amehamia mkoa mwingine na namba yake haipatikani.

Bomba la kutoka nyumbani literemke inchi moja kwa kila mita. Fundi wako atalipima kwa jicho, na jicho lake limechoka. Likilala sana, vitu vinakaa njiani. Likisimama sana, maji yanakimbia na kuviacha. Kila kona inahitaji chemba yenye mfuniko, ili siku ikiziba mtu aingize mwanzi. Wewe pitisha kona mbili chini ya sakafu ya sebule, chini ya vigae vile vya kung'aa, halafu usichore ramani. Bomba la hewa lipande mpaka juu ya paa, ndivyo wasemavyo. Likate usawa wa dirisha la chumba cha wageni, hasa kama wageni wako hukaa muda mrefu. Juu ya karo mimina zege moja zima lisilo na mfuniko, lipambe kwa vitofali vya uani, egesha gari. Usipomuonyesha mtu mahali lilipo, halitamsumbua mtu.

Wakati saruji bado mbichi (nayo inataka kumwagiliwa maji kwa wiki nzima, jambo ambalo limeshindikana kwa sababu maji ya kisima ni ya kunywa), atakuja kijana mwenye vipeperushi vya bayodaijesta. Ni tanki dogo, anasema, lina vijidudu maalumu, halina harufu, halijai maisha. Sina ugomvi na tanki lenyewe. Likijengwa vizuri linameng'enya vizuri, na kwa kiwanja kidogo lina nafasi yake. Muulize tu maji yanatoka wapi na yanaenda wapi. Atakuonyesha picha ya tanki kutoka upande mwingine.

Shimo likishaanza kutumika, zoezi la kulilisha huanza. Anza na paa. Mafundi wengi huona ni uungwana kuunganisha mfereji wa bati kwenye karo, kwani si maji ni maji? Paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 50, ambayo Pwani mwezi wa nne si habari ya kumsimulia mtu, hutoa lita 6,000. Karo lako ni la lita 3,000. Kila kilichokuwa kimetulia humo kitatoka nje kabla mvua haijakatika, na tangi lako la simtanki la maji ya kunywa litabaki tupu pembeni likishangaa.

Jikoni mwaga mafuta ya kukaangia samaki yangali moto, yagande kwa starehe yake bombani. Kichemba kidogo cha kunasa mafuta nje ya dirisha la jikoni kingeharibu mandhari. Pedi, nepi, kondomu na vile vitambaa vya unyevu vya watoto vyote vinapita ukivuta mara mbili. Vinapita kwenye kona ya kwanza. Safisha choo kwa Jik chupa nzima kila Jumamosi, harufu ya usafi isikike barabarani, na wale vijidudu wa Mouras wapate habari. Baadaye utaambiwa uwarudishe kwa dawa: hamira, chumvi ya mawe, magadi, kuku aliyekufa, unga wa pakiti unaouzwa kwenye basi. Kinyesi chenyewe kina vijidudu vya kutosha kuanzisha karo jipya bila hata pakiti moja, lakini hamira haina madhara makubwa, na kuku angekufa tu. Mafuta ya taa ndiyo yaache. Yanaua vijidudu, yanafika kisimani, na chai itakuambia.

Halafu subiri. Kuna watu ambao kila mwaka hufunua mfuniko, huingiza fito ndefu iliyofungwa kitambaa cheupe, huitoa na kusoma tope limefika wapi. Likifika theluthi ya kina, huita gari la kunyonya majitaka, na kwa familia ya kawaida hilo hutokea kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Wewe huna mfuniko, kwa hiyo shimo lenyewe ndilo litakaloita. Litaita kwa staha mwanzoni: sinki la bafuni litakoroma mtu akivuta choo, na katikati ya Agosti, mashamba yote yakiwa rangi ya mkate, uani kwako patakuwa na duara la majani mabichi, na mbuzi wa jirani watalijua kabla yako. Litakaposema kwa sauti, itakuwa Jumapili, na mama mkwe amekuja.

Gari linatoka mjini. Linalipwa kwa safari, na safari inahesabiwa kwenda na kurudi, kwa sababu mzigo unatakiwa ukamwagwe kwenye mabwawa ya majitaka, kama yale ya Vingunguti jijini Dar es Salaam. Dereva akikutajia bei ndogo mno, usimuulize anamwaga wapi; ushamjua. Mpira wake una mwisho, na wewe karo umelipeleka nyuma kabisa ya nyumba, ukajenga ukuta, ukapanda miembe. Hapo ndipo wenye busara huwakumbuka vyura, wale vijana wanaoingia usiku na ndoo na majembe, au hungoja mvua kubwa na kutapisha choo, mzigo ukaondoka na mafuriko kuelekea bondeni. Bondeni nako wanaishi watu wenye visima. Mwaka 2015 kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam mwezi wa nane na kusambaa mikoani, hakuna aliyehitaji kuelezwa mara ya pili njia kinayopita.

Hapa kejeli ipumzike. Karo lililofungwa miaka lina gesi. Ipo inayowaka, na ipo yenye harufu ya yai viza ambayo ikizidi huua uwezo wa pua, hata ukadhani imekwisha. Hewa ya kuvuta humo haipo. Mtu huingia kufuata simu au ndoo, akaanguka ghafla; wa pili hushuka kumwokoa, naye akabaki. Asiingie mtu, hata kama linaonekana tupu, hata kama ni dakika moja. Usiwashe kiberiti kuangalia. Mtoto asishushwe kwa kamba eti kwa sababu ni mwembamba. Mtu akitumbukia, kaa nje, piga kelele za msaada, piga 114 ya zimamoto. Na mfuniko uwe wa zege au chuma kizito, usiofunguka kwa mikono ya watoto wanaocheza.

Turudi kwenye uharibifu. Siku shimo litakapokataa kabisa utatakiwa kujenga jingine, na jambo la kuepuka ni kutafuta sababu. Wanaotafuta sababu hufunua karo na kutazama. Kama nyumba inarudisha maji lakini karo lina kimo chake cha kawaida, bomba la kutoka nyumbani ndilo limeziba, na mwanzi unatosha. Kama maji ya karo yamepanda juu ya bomba la kutokea, ama kitii cha kutokea kimeziba, ama shimo la kunyonya limekataa. Huita gari likanyonya, halafu husikiliza: maji yakianza kurudi kutoka upande wa shimo la kunyonya kuingia kwenye karo, udongo umeshiba. Yasiporudi, pengine ulihitaji kunyonywa tu na kitii kipya. Mafundi huona utaratibu huu unaua soko.

Wewe chimba shimo jipya leo leo, mita moja kutoka lile la zamani, ambapo bomba linafika bila kuongezwa. Udongo wa pale umelowa tayari, hautashtuka. Kilichouchosha ni utando mweusi unaoteleza, uliojengwa na vijidudu na mafuta kwenye kuta za shimo la kwanza, na shimo la pili litakunywa kutoka udongo uleule uliokwisha kulewa. Litakataa haraka kuliko la kwanza. Kisha utachimba la tatu, na kiwanja cha nusu eka kitaanza kuonekana kidogo.

Njia ya wavivu wa kuchimba ni nyingine. Hupeleka maji mbali na pale palipochoka, kwenye udongo ambao wameupima kwa kijiti. Mfinyanzi ukiwa mwingi hutandaza mitaro ya kina kifupi, bomba lenye matundu juu ya kokoto, kwa kuwa udongo wa juu una hewa na mizizi, na jua husaidia kunywa. Au hujenga mashimo mawili ya kunyonya yenye kichemba cha kugeuzia njia: moja linafanya kazi, jingine linapumzika. Likipumzika miezi mingi mpaka mwaka, hewa hurudi udongoni na ule utando hupungua, kisha hubadilishana zamu. Gharama ya shimo la pili inalipwa mara moja. Wenye mradi wa kuchimba kila baada ya masika mawili hawawezi kulipenda wazo hili.

Limebaki shimo la zamani. Kanuni za kuchosha zinasema linyonywe, limwagiwe chokaa, lijazwe kifusi na mchanga na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, maana shimo tupu lenye mbao juu litamngoja ng'ombe au mtoto. Wewe usipoteze kifusi kizuri. Lazia mabanzi, tupia bati la zamani, funika kwa udongo kidogo, panda mgomba juu yake, mwambie kila mtu hapo hapakanyagwi bila kumwambia kwa nini. Mgomba wa mahali hapo hauna mfano. Mkungu wake wa kwanza, ule mkubwa kuliko yote ya kijiji, mpelekee fundi. Utamkuta Msata, ameshika futi kamba, anamwambia mtu mwingine kuhusu wajukuu.